Usingizi wa Katekista

Kiirua, Meru
6 Februari 1955

Kwa ndugu yangu Mbarak,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mimi na Gacheri hatujambo, watoto wana kikohozi tu, na yule ng'ombe mwekundu uliyemcheka ulipokuja, ukasema ana mbavu nyingi kuliko nyama, amekufa. Siku ile nilikukumbuka sana kwa sababu hapa hakuna mtu anayejua kukata nyama, tuligawana kama watu waliopigana nayo. Msalimie Rahema na mtoto Hidaya. Na mama yako, Shangazi Kaari, mwambie bado silali. Kila barua ananiuliza, na kila barua namjibu vilevile: tangu utoto wangu hapo kwenu, nilipokuwa nikihesabu misumari ya mabati wewe ukikoroma kando yangu, hakuna kilichobadilika.

Habari ya huku ni kwamba tumehamishwa wote. Zile nyumba za kwenye mashamba hazipo tena, sasa tunaishi kijiji kimoja kilichozungushiwa handaki, lango moja, na posti ya homgadi, hawa walinzi wa serikali, juu ya lango. Jua likizama ni ndani. Padre Anselmo haruhusiwi kupanda huku na pikipiki yake kwa sababu ya vita vya msituni, na sisi haturuhusiwi kushuka kwake misheni. Mwenye pasi ya kwenda misheni ni mtu mmoja tu, mara moja kwa mwezi. Mtu huyo ni katekista, yaani ndugu yako.

Sasa nikuambie jambo litakalokufanya unione mtu mkubwa. Kanisani kwetu kulikuwa na kiti cha Padre cha kuungamishia, kile chenye ubao wa matundu pembeni, mtu anapiga magoti upande huu na Padre anasikia upande ule. Homgadi walikuwa wameanza kuota moto kwa mabenchi ya kanisa, kwa hiyo nikakichukua kiti nyumbani kukiokoa. Kukiokoa ni kazi nzuri. Lakini kiti kikiwa nyumbani mtu hukikalia, na nilipokikalia, Mbarak, niliona kinanienea.

Kwaresima inakaribia na watu wana hofu, kwa maana Pasaka bila kuungama ni dhambi juu ya dhambi. Zamani niliwapanga kwenye nyasi na kuwafundisha kujichunguza roho kabla Padre hajafika. Sasa nafanya kazi hiyohiyo nikiwa kitini. Juzi mzee mmoja akapiga magoti kwenye matundu akaniambia, "Katekista, wewe ndiye mwenye pasi. Niliiba kuku wa jirani. Nipelekee hii kwa Padre, na uniletee jibu." Nikamwambia haiwezekani? Sikumwambia. Nikakohoa kidogo kama Padre anavyokohoa, nikasema, "Endelea."

Basi sasa mimi ni tarishi wa dhambi. Wanakuja wengi. Padre aliponibatiza aliniambia Silvesta lilikuwa jina la Papa mmoja wa zamani, nami nadhani kiti kimelitambua jina. Gacheri peke yake hataki kuungama kwangu. Anasema afadhali afe na dhambi zake, atafika nazo zikiwa safi.

Ndugu yako,
Silvesta Marete


Embu mjini
27 Februari 1955

Kwa ndugu yangu Silvesta,

Assalaamu alaykum. Najua wewe si wa kwetu, lakini salamu haina pasi, ipokee. Sisi hatujambo. Bucha inakwenda kwa kuchechemea, ng'ombe hawatoki sehemu moja kwenda nyingine bila karatasi, na wateja wangu wamejifunza kupenda mifupa. Rahema anasema nimenenepa. Sijui kwa kula nini.

Mama amesikiliza barua yako yote, nikaisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, mara ya pili hakucheka. Amekusagia kungumanga, iko ndani ya karatasi hii ndogo iliyofungwa uzi. Kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto, jioni. Anasema ukizidisha utalala kama maiti, kwa hiyo usizidishe.

Sasa kuhusu ukubwa wako. Nataka unieleze kama unavyomweleza mtu mjinga, maana mimi dini nimeisoma chuo cha Kurani tu, na huko nilikuwa nyuma ya mlango. Nani alikupa? Kwetu anayetangulia mbele kusalisha ni yule anayejua kusoma vizuri. Tumemweka Mwalimu Abubakar kwa sababu hiyo, na akikosea aya, hata mimi mwenye harufu ya maini naruhusiwa kumrekebisha kutoka nyuma, naye hurudi kwenye njia. Na dhambi zangu simpelekei mtu. Namwambia Mungu, na Rahema anazijua bila kuambiwa. Ninyi mna Papa, chini yake askofu, chini yake Padre mwenye pikipiki. Wewe uko wapi kwenye ngazi hiyo? Au uko kwenye nyasi na ngazi umeegemezewa uishike tu?

Sikudharau. Wewe ndiye uliyekuwa unanifanyia hesabu za shule. Lakini kiti ni kiti, Silvesta. Hata mimi nimewahi kukaa kwenye kiti cha kinyozi, na sikunyoa mtu.

Mama anasema uwe mwangalifu na mambo ya watu.

Mbarak bin Sulemani


Kiirua, Meru
20 Machi 1955

Ndugu yangu Mbarak,

Tuko wazima. Kikohozi cha watoto kimehamia kwa Gacheri, naye anakitumia kila ninapofungua mdomo. Kungumanga imefika, mwambie Shangazi nashukuru sana.

Swali lako la kinyozi limejibiwa, na jibu limeniuma. Nilishuka misheni na pasi yangu. Nilipitia soko la Gakoromone nikanunua chumvi, nikafika kwa Padre Anselmo nikamkuta amelala chini ya pikipiki akitengeneza mnyororo. Nikasimama hapo, nikamtolea dhambi za Kiirua moja moja, bila majina, kama mtu anayesoma vitu vya dukani. Aliyeiba kuku apewe kitubio gani? Aliyemtukana mama mkwe je? Padre alitoka chini ya pikipiki polepole. Uso wake ulikuwa na grisi, lakini niliuona ukibadilika rangi chini ya ile grisi.

"Silvesta," akasema, "dhambi si barua. Haitumwi kwa mtu."

Kisha akanikalisha chini na kunieleza, na sasa nakueleza wewe. Bwana Yesu alimpa Petro funguo. Petro na wenzake waliwekea watu mikono, hao wakawawekea wengine, mikono juu ya vichwa, karne na karne, mpaka askofu mmoja huko Italia, siku ya barafu, akaweka mikono juu ya kichwa cha Anselmo mtoto wa fundi viatu. "Na hata hivyo," akasema, "sikupata kitu cha kwangu mwenyewe. Bila ruhusa ya askofu wa hapa siwezi kumwondolea dhambi hata bibi kizee mmoja. Ruhusa yangu ina mpaka. Nikivuka kwenda kwa askofu mwingine inabaki nyuma, kama pasi yako hii." Nilifurahi kidogo kusikia Mzungu naye ana pasi.

Nikamuuliza mimi nina nini basi. Akasema nina kibali cha kufundisha, na mtu akiwa anakufa nina ruhusa ya kumbatiza. Nikaanza kuvimba. Akaona, akaniambia, "Ruhusa hiyo anayo kila mtu. Hata binamu yako mchinjaji, akimwaga maji na kusema maneno, na akitaka kufanya linalotakwa na Kanisa." Kwa hiyo tuko sawa, Mbarak. Miaka yote ya katekisimu, na nimefika mahali ulipo wewe na maini yako.

Akanikataza kiti. "Hata kukifuta vumbi ukiwa umekaa, usikae." Nikasema ndiyo, Padre.

Nilirudi nikiwa na nia njema kabisa. Lakini Jumamosi nilikuta watu wamesimama foleni mlangoni, wengine na kanga zao za kanisani, na wote wakaniamkia kwa pamoja. Nikajiambia nitakaa mara hii ya mwisho tu, ili niwaeleze vizuri kwamba sitakaa tena. Sikueleza. Wa mwisho alikuwa Mukiri, yule mjane ambaye mumewe alikufa kwenye mashamba ya ngano ya Timau. Alikaa kwenye matundu mpaka jua likafika kizingitini. Mbarak, nilitoka jasho kwenye baridi hii. Sitasema neno, lakini nikwambie tu kwamba kiti kile si cha mchezo, na kifua cha ndugu yako sasa kimebeba mambo mazito ya kijiji hiki.

Umeona ninavyojisifu? Hata nikiandika habari ya kukemewa namalizia na kifua.

Silvesta


Embu mjini
5 Aprili 1955

Ndugu yangu,

Hatujambo, Mama hajambo. Barua fupi.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika ikiwa na gundi mbili, gundi yako na gundi ya mtu mwingine. Nadhani kuna bwana mwenye kazi ya kutusomea. Nimeona vizuri ujue, ili uandike kwa mwandiko mzuri zaidi asiumize macho.

Andika habari za watoto na mvua. Mama anasema hivyo pia.

Mbarak


Kiirua, Meru
14 Aprili 1955

Kwa ndugu yangu Mbarak,

Salamu za Pasaka. Mvua imeanza, watoto wamepona, Gacheri amepanda viazi ndani ya handaki kwa sababu anasema ndipo kuna rutuba. Salamu pia kwa bwana anayetufungulia barua. Namwomba apunguze gundi, nusu ya maneno yako yalibaki kwenye bahasha. Onyo lako limefika jana. Bundi alilitangulia kwa wiki nzima.

Bundi ni mkubwa wa homgadi wa hapa. Alisoma katekisimu kwangu mwaka mzima kabla sijamfukuza kwa utoro, nami najuta kwamba sikumfukuza mapema zaidi, maana aliyoyashika aliyashika vizuri. Alikuja na watu wake wawili, akakaa kwenye kiti cha Padre bila kuogopa, akaniambia mimi nisimame. Akasema wamepata habari kwamba Mukiri alinieleza mambo mpaka nikatoka jasho. Jasho, Mbarak! Neno langu lilelile. Nililiandika mimi kwa mkono wangu, kwa sababu ya kifua changu.

Mukiri ana mtoto mmoja, Mutegi, aliyetoka nyumbani kutafuta kazi Timau na hajarudi. Bundi anasema yuko msituni, na kwamba mama yake anampelekea chakula. Mukiri anasema hajui alipo. Bundi alitaka nimwambie Mukiri aliniambia nini kitini.

Nikamwambia mambo ya kitini hayasemwi.

"Wewe ni padri?" akaniuliza.

"Hapana."

"Wewe ulitufundisha mwenyewe, mwenye kufungwa mdomo ni padri. Padri alifungwa na Kanisa. Sasa hiyo mdomo yako imefungwa na nani?"

Watu walikuwa wamejaa uani, wale wale wa foleni yangu. Wote walikuwa wakingoja mimi, mkubwa wao, nijibu. Kwa hiyo nikasema ukweli, ambao ni aibu kwangu kuliko uwongo wowote. Nikasema, "Nililala."

"Ulilala?"

"Nililala, Bundi. Kiti kile kina mgongo mzuri. Kila mtu alipoanza kusema, mimi nilisinzia. Kuku wa yule mzee nilimsikia kwa kuwa alikuwa wa kwanza, na wengine wachache waliosema kwa sauti. Mukiri alikuwa wa mwisho, na anaongea polepole. Niliamka aliposema amina."

Kisha mwanamke mmoja akaanza kucheka, na baada yake kijiji kizima. Yule mzee wa kuku alicheka mpaka akashikwa asianguke. Wamenicheka tangu siku ile. Nikipita, watoto wanakoroma nyuma yangu, tena kwa sauti mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa.

Bundi hakucheka. Amemweka Mukiri posti, na mimi nimeandikiwa kwenda Meru mbele ya bwana ofisa mwezi ujao. Ikionekana nimedanganya, Mukiri atapelekwa kizuizini na nyumba yake itachomwa, na mimi nitamfuata. Sina la kuongeza. Nililala, na huwezi kumkamua mtu aliyelala.

Mwambie Shangazi dawa yake ya usingizi imefanya kazi kupita kiasi.

Silvesta


Embu mjini
26 Aprili 1955

Kwa ndugu yangu Silvesta,

Assalaamu alaykum. Tuko kwenye mfungo, hatujambo, midomo imekauka na subira ni fupi. Barua yako imenitia hasira sana. Umetuaibisha ukoo mzima. Lakini kwa nini nishangae? Mimi ndiye ninayeujua usingizi wako kuliko mtu yeyote duniani.

Umesahau ulivyolala juu ya ngozi za mbuzi nyuma ya bucha ya marehemu baba? Ulifunikwa na ngozi nyingine, zikafungwa kamba, ukapakiwa kwenye mkokoteni wa yule Mhindi mnunuzi. Alikuwa ameshazipima mtu aliposema bunda moja linakoroma. Baba alikuchapa na ukageukia upande wa pili. Umesahau ulivyolala wima kwenye foleni ya maji, watu wakawa wanaweka madebe yao juu ya kichwa chako wakidhani ni nguzo? Siku ya harusi yangu, Rahema ni shahidi, ulilala kwenye sinia ya pilau, na mpaka leo wakwe zangu wanaulizia yule ndugu aliyekuwa na mchele masikioni. Mwalimu Abubakar alikuambia usikae karibu na watoto wengine, usije ukawaambukiza.

Mwezi wa pili uliandika kwamba hulali, nasi tukafurahi tukidhani umepona ugonjwa wa kulala. Mama kwa wema wake akafikiri umezidi kukonda kwa kukesha, akakutumia kungumanga. Ni kama kumpa mlevi pombe. Mama analia. Anasema amekuharibia kazi.

Na wewe bwana unayetusomea, samahani kwa kukuingiza kwenye aibu zetu. Ukipata nafasi ya kumwona ndugu yangu, msemeshe upesi, kwa maana ukichelewa atakuwa amekwenda.

Soma barua hii ukiwa umesimama.

Mbarak bin Sulemani


Kiirua, Meru
12 Juni 1955

Kwa ndugu yangu Mbarak,

Idi njema iliyopita. Hatujambo wote. Gacheri amevuna viazi vya handakini, vikubwa kama vichwa vya watoto, na Bundi amevikataza kwa kuwa handaki ni la serikali, kisha akavila. Barua hii anakuletea Riungu, dereva wa lori la ngano la Timau, kwa mkono wake. Haina gundi ya mtu yeyote. Najua kwa hiyo utaniuliza swali moja. Naomba usiniulize.

Riungu ameniambia ulivyoiandika ile barua ya mfungo. Kwamba ya kwanza ilianza, "Kulala? Wewe?" na Shangazi akakunyang'anya, akaitia motoni, akasema, "Andika upya. Andika habari za usingizi wake, na uandike vizuri." Ukaandika mambo yale yote na kinywa kimefunga. Sijui Mungu wako anahesabu vipi. Wangu nitamwombea akuhesabie kwa upole.

Nilikwenda Meru. Bwana ofisa alikuwa kijana mwekundu mwenye mafua, na barua yako ilikuwa mezani kwake. Karani alikuwa anaisoma kwa sauti na kumtafsiria. Walipofika kwenye bunda la ngozi, ofisa alimrudisha karani mwanzo wa mstari. Walipofika kwenye mchele masikioni ofisa alicheka akapiga meza. Mimi nilisimama pale nikiwa nimeinamisha kichwa, na nakuambia kweli, Mbarak, sijawahi kuona aibu tamu hivyo. Kisha akaacha kucheka akaniuliza dawa iko wapi, aione. Nikasema, "Nimeimaliza yote, bwana." Akanitazama. Nikapiga mwayo. Ulikuja wenyewe, kwa hofu, lakini ulikuwa mkubwa, nao ukamwambukiza karani, na karani akamwambukiza ofisa. Akasema kitu kwa Kiingereza. Karani akanifasiria: "Anasema mpumbavu huyu arudi nyumbani kabla hatujalala wote."

Mukiri alitolewa posti siku ya tatu baada ya hapo. Amekonda, jicho moja halifunguki vizuri. Sikuthubutu kwenda kumwona. Alinikuta mwenyewe kwenye mstari wa maji, mchana, homgadi mmoja amesimama karibu na bunduki yake.

"Silvesta," akaniambia, "nilikaa mle ndani nikijipa moyo. Nilisema, hata wakiniua, ile nimeshaisema, imeshapokewa. Sasa wananiambia ulilala. Ni kweli?"

Ndugu yangu, yule ofisa hakunitia hofu kama mama huyu. Nikisema sikulala, homgadi anasikia. Nikisema nililala, nimemnyang'anya kitu pekee alichokuwa nacho mle posti. Na lililoniuma zaidi ni kwamba kitu chenyewe hakikuwepo. Ningelala, ningekesha, ningesimama kwa kichwa, mimi sikuwa na uwezo wa kumwondolea chochote, na nilikuwa nimekaa pale nikikohoa kama Padre.

"Nililala, Mama Mutegi," nikasema.

Alitua debe lake akalia. Kisha akajifuta akasema, "Basi nitaanza tena." Nilitaka ardhi inimeze na kiti kile juu yangu.

Padre Anselmo aliruhusiwa kupanda Pentekoste, na askari mbele na nyuma ya pikipiki. Alipofika akataka kiti chake kwanza. Nilikibeba kichwani kupita katikati ya kijiji, watoto wakikoroma pande zote. Kabla ya misa akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba Silvesta Marete si katekista tena. "Si kwa kulala," akasema. "Ni kwa kukaa." Mahali pangu amemweka Mbaka, kijana ambaye hawezi kumaliza Salamu Maria bila kujikwaa mahali palepale. Watu wanamwamkia yeye sasa. Mimi nafagia kanisa, na nafagia vizuri.

Baadaye Padre aliniita pembeni ya pikipiki. Nilijua anauliza nini, nikaanza kutafuta maneno. Akaniwekea mkono begani akasema, "Sikuulizi uliota nini." Kisha akawasha pikipiki kuona kama inawaka, ingawa alikuwa bado haendi.

Lakini nilitaka kukuambia habari ya kuungama. Niliwekwa mlangoni kupanga foleni. Mukiri alikuwa wa mwisho tena. Nikageuza uso nje kama inavyotakiwa, nikasikia sauti yake tu, polepole, bila maneno. Mwishoni nikageuka, sikuweza kujizuia. Nikaona mkono wa Padre umeinuka juu ya yale matundu, mkono wenye grisi kwenye kucha, mfupi, wa mtoto wa fundi viatu. Akasema yale maneno ya Kilatini ambayo mimi nayajua yote kwa moyo. Ningeweza kuyasema vizuri kuliko Padre, na yangekuwa upepo tu. Niliona wivu, Mbarak, na niliona furaha, vyote pamoja, mpaka nikashika ukuta. Petro alipewa funguo, na kwa mikono mingi zikafika Kiirua kwenye mkono ule. Mimi sikupewa funguo. Mimi nilikuwa na kufuli moja tu, la mdomo, nalo nililipata kwa kujikweza.

Mukiri alitoka. Uso wake ulikuwa umelala, sina neno lingine, kama uso wa mtu aliyetuliwa kuni. Alipofika kwangu mlangoni alisimama akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Nimemaliza," akasema. "Wewe sasa nenda ukalale, mwanangu."

Akaenda zake. Alijua nini, sijui, na sitamuuliza kama nilivyokuomba wewe usiniulize.

Msalimie Rahema, na wakwe zako waliokusamehe mchele. Msalimie Shangazi kuliko wote. Mwambie kungumanga yake iko nyuma ya picha ya Baba Mtakatifu, ukutani, pale nilipoiweka siku ilipofika. Uzi alioufunga bado haujafunguliwa. Leo jioni nitaufungua.

Ndugu yako,
Silvesta Marete, mfagiaji